Mpishi Fisi na Miguu ya Sangu

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na shule yao, mpishi alikuwa Fisi. Amri ya Simba waliijua wote: kila mtoto, awe wa Nyati au wa Digidigi, apate upawa mzima wa maharage na mboga za majani.

Fisi alipika, lakini hakukoroga sufuria.

"Wadogo kwanza!" aliita kwa upole. Akawatekea mchuzi wa juu, maji matupu. Chwaa! Maharage yaliyotulia chini aliwawekea wanawe na wana wa Nyati.

Mama Pimbi, muosha vyombo, aliona. Kila siku alikwangua upawa, akapata punje tatu, nne, akamlisha Sangu, mtoto wa Digidigi. Hazikutosha. Manyoya ya Sangu yakanyonyoka. Akaacha kucheza. Kisha miguu na mashavu vikavimba.

"Ha! Kanenepa huyo!" Fisi akacheka. "Na mama yake kutwa kulalamika!"

Siku moja ikasikika kwamba Tembo, mkaguzi, anakuja. Fisi akahaha.

"Wenye mbavu nje wafungie stoo, Mama Pimbi! Haraka!"

"Na Sangu je, Bwana Mpishi?"

"Huyo mnene? Mbele kabisa!"

Pimbi akamsogelea. "Sawa. Tena mbonyeze mguu mbele ya mgeni, aone mafuta yalivyo laini. Hukosi zawadi."

"Kumbe kichwa kidogo hicho kina akili!"

Tembo akafika, ti! ti! ti! Fisi akamvuta Sangu.

"Mheshimiwa, tazama kazi ya maharage yangu!"

Akabonyeza. Kidole kikazama. Akakitoa. Shimo likabaki palepale.

Tembo akalitazama, akangoja. Halikujaa.

"Huu si unene," akasema taratibu. "Ni njaa ya miezi. Wengine wako wapi?"

"We-wengine wapi, Mheshimiwa?"

Mama Pimbi akafungua mlango wa stoo. Wakatoka mmojammoja, wakifumba macho kwa mwanga.

Fisi alifukuzwa saa ileile. Upawa akapewa Mama Pimbi. Akakoroga mpaka chini, kwaru! kwaru! Bakuli la kwanza akampelekea Sangu.

"Kula, mwanangu."

Sangu akatafuna punje moja, akalaza kichwa mapajani mwa Mama Pimbi. Hakuamka tena.

Siku ile watoto wengine wote walishiba, na hakuna aliyecheka.

Wanangu, chakula cha wote hakijagawiwa mpaka kimfikie aliye mdogo.