Komeo Lililogoma

Mtu mmoja alikuwa na bunduki fupi, na alikuwa na mdogo wake. Bunduki aliachiwa na mwindaji mzee aliyemfundisha kazi. Mdogo wake aliachiwa na mama yao, siku mama alipokata roho. Mtu huyo aliitwa Lugome, na mdogo wake Mihayo. Amana zote mbili aliapa kuzitunza, wala hakuwa mtu wa kuchezea kiapo.

Bunduki haikuzidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Ilikuwa ya komeo: unavuta komeo nyuma, unaweka risasi moja tu, unalisukuma mbele, unalenga, unafyatua. Ukikosa, nguruwe hakungoji. Na kijiji kile kilipakana na pori, na nguruwe mwitu wa pori lile walijua mahindi yameiva kabla mwenye shamba hajajua. Watu walipata unga kwa sababu Lugome, mwindaji wao, hakuwa mtu wa kukosa.

Hakukosa kwa sababu hakupiga risasi iliyopakiwa na mtu mwingine. Aliokota maganda ya shaba ya risasi alizokwisha kupiga, akayasugua, akayatia fataki mpya, yaani kile kijikofia kinachowasha baruti, kisha baruti, kisha kichwa cha risasi, yote kwa mkono wake. Baruti aliipima kwa mizani ndogo aliyoipata kwa sonara. Alianza na kidogo. Aliegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga ubao wa mninga uliochorwa duara la chokaa, akaenda kutazama matundu. Yakiwa yametawanyika, aliongeza punje chache, akangoja mtutu upoe, akapiga tena. Hakubadili mambo mawili kwa mpigo, maana angejuaje ni lipi lililomsaidia? Hatimaye matundu yalikaribiana hata ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha soda, na hapo akasimama.

Na alizijua dalili za kuzidisha. Fataki ikitoka imebonyea bapa, ganda likisita kuchomoka, komeo likiwa zito, Lugome hakubishana. Alipunguza baruti, bila kuona haya. Wawindaji wengine walipomletea vipimo vyao wakisema jaribu hiki, kwangu kimefaa sana, alicheka na kuwaambia kwamba bunduki yake haikuzaliwa tumbo moja na zao.

Sasa tuje kwenye ile amana ya pili. Mihayo alikwisha kuwa mtu mzima, mpole, mwepesi wa kazi. Desturi ya kwao ilikuwa kwamba bunduki ya kulinda mashamba haitoki nje ya nyumba. Mwindaji akianza kuchoka, ndugu yake huishika, na siku ya kufunga mavuno hulenga shabaha mbele ya kijiji kizima, watu wauone mkono utakaowalinda. Macho ya Lugome yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitaka Mihayo awe tayari, na alitaka upesi.

Basi akammiminia. Asubuhi maneno, jioni maneno. Yeye mwenyewe alifokewa na mwindaji mzee mpaka akawa mtu, kwa hiyo aliona ukali ule ule utamfaa na mdogo wake. Mkewe, Kalunde, alipomwomba apunguze, alimjibu kwa methali, maana methali hazikumwishia: mchelea mwana kulia hulia yeye, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, samaki hukunjwa angali mbichi, ila mimi sijamsikia aliyemkunja kwa nyundo. Na dalili zilikuwepo. Mihayo alianza kula akiwa ameuelekea ukuta. Wimbo aliozoea kuuimba akichanja kuni ulikoma. Akiulizwa jambo, alijibu "ndiyo, kaka" kabla swali halijaisha. Lugome, aliyeweza kuisoma fataki isiyozidi punje ya hindi, hakuyasoma hayo. Aliyaita adabu.

Siku ya kufunga mavuno ikafika. Mihayo aliiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akalenga. Risasi ya kwanza ilipita nje ya duara. Ya pili haikugusa hata ubao. Watu wakatazama chini kwa huruma. Lugome akasimama katikati yao, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama angekuona leo, angejuta kukuzaa."

Mihayo alifungua komeo, akatoa ganda, akailaza bunduki juu ya mfuko, mtutu ukiwa umeelekea mbali na watu, kama alivyofundishwa. Kisha akaondoka, na jioni hakuonekana mkekani. Baadaye zikaja habari kwamba amepata kibarua cha kukausha tumbaku, mbali, mwendo wa kutwa.

Lugome alisema njaa itamrudisha. Haikumrudisha. Kila jioni Kalunde aliendelea kumpakulia shemeji yake, na kila asubuhi chakula kile kililiwa na kuku. Usingizi ukampaa Lugome. Siku moja alikaa kupakia risasi huku roho imemjaa, akamimina baruti bila kungoja mizani itulie. Alipofyatua, bunduki ilimruka mkononi, pumzi ya moto ikampiga shavuni, na komeo likagoma. Alilivuta kwa nguvu zake zote, likagoma. Ganda lilikuwa limevimba ndani na kung'ang'ania. Kalunde alikuja mbio, akamkuta mzima, akamshukuru Mungu, kisha akauliza bunduki ina nini.

"Haina kosa," Lugome akasema. "Imelemewa. Bunduki hailaumiwi. Hulaumiwa aliyeipakia."

Kalunde alimtazama.

"Kumbe unajua, mume wangu. Basi Mihayo alipakiwa na nani?"

Lugome akakaa chini pale pale vumbini. Aliona haya, haya za kweli, hata akatamani shavu lingemuungua zaidi ya pale. Lile komeo hakuligonga kwa jiwe. Alilitia mafuta, akaliacha lilainike, na kulipokucha akashika njia ya kwenye mabanda ya tumbaku.

Njiani alijitungia hotuba nzuri, yenye methali zake zote. Alimkuta mdogo wake akichochea moto, macho mekundu kwa moshi, amekonda. Mihayo aliinuka kwenye gogo alilokuwa amekalia, akasema, "Shikamoo, kaka," maana hakuwa amelelewa vibaya. Hotuba ikampanda Lugome mpaka kooni. Akaimeza.

"Marahaba. Umekula?"

Mihayo aliketi tena kwenye lile gogo, ila safari hii aliketi pembeni, akaacha nafasi ya mtu wa pili. Lugome akakaa hapo, akanyoosha mikono kwenye moto, wala hakuongeza neno. Kwa siku ile, hicho kilitosha.

Wapendwa, sisi sote tunajua kupima. Chumvi ya mboga tunaipima, mbolea ya shamba tunaipima, na kikizidi tunajilaumu wenyewe. Basi wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako ni nani ambaye komeo lake limeanza kuwa zito, nawe bado unamimina?