Wimbo Uliosikilizwa Mara Milioni Moja

Hadithi hii nimeipata kwa mtu, nami nakupa wewe. Ni fupi. Kama una haraka, iweke uisome baadaye, lakini usiishie katikati.

Katika mji mmoja wa bara wenye stesheni ya reli, aliishi msusi aliyeitwa Siwema. Siku za kazi alisuka nywele, na Jumamosi aliimba kwenye harusi za watu. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Watu walimsifu, wakala pilau, wakaenda zao.

Alikuwa na wimbo mmoja aliouhifadhi kwa siku yake kubwa. Ulihusu baba asiyejua kusoma, ambaye kila jioni alikaa na binti yake na kumwuliza herufi moja moja. Huo ndio ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa pili, baba anaandika jina la binti kwa mkono wake mwenyewe. Siwema alisema ubeti wa kwanza aliutunga kwa siku moja, na wa pili kwa mwaka mzima.

Siku kubwa ikafika. Bosi Mahimbo, mwenye kampuni ya muziki, alimsikia harusini, akampa mkataba, wakarekodi. Wiki mbili baada ya wimbo kuwekwa mtandaoni, ilionekana umesikilizwa mara milioni moja. Kamati ya tamasha la mkoa ikatangaza kwamba Siwema ndiye atakayefunga tamasha, mbele ya uwanja mzima. Hicho ndicho kitu alichokitamani tangu ana miaka kumi.

Kila mtu alimpongeza. Ila Siwema aliona jambo moja la ajabu. Milioni nzima, na hakuna hata mmoja pale saluni aliyeuimba wimbo wake akifagia. Waliufungua kwenye simu zao, wakasikiliza kidogo, wakapiga vigelegele, wakauzima ili wamkumbatie.

Siku moja alikuwa anamsuka mteja wake, Mama Pili. Aliweka wimbo huo, simu ikiwa kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, kwa hiyo hakuigusa tena simu. Ubeti wa kwanza ukaisha, kiitikio kikaisha. Kisha kimya.

"Simu yako imezima, dada," akasema Mama Pili.

"Haijazima. Dakika bado zinakwenda."

Kimya kiliendelea dakika mbili na nusu, kisha ukaanza wimbo wa mtu mwingine. Siwema alibaki amesimama na rasta mkononi. Ubeti wa pili haukuwepo. Watu milioni wamesikiliza, na hakuna aliyeuliza kama yule baba alijua kuandika au la.

Alimaliza kusuka, maana kichwa cha mtu hakiachwi nusu, kisha akaenda ofisini kwa Bosi Mahimbo. Bosi hakushtuka. Alisema fundi alipandisha faili bovu mtandaoni, jambo dogo hilo. Ili Siwema atulie na aone kwamba ubeti wa pili hauna anayeungoja, akampeleka chumba cha nyuma.

Mle ndani kulikuwa na simu mia nne, zimepangwa kwenye mashelfu kama mayai kwenye trei, na feni mbili zikizipoza. Zote zilikuwa zinacheza wimbo wake bila sauti. Kila moja ilicheza nusu dakika na ushei, muda unaotosha kuhesabiwa kwamba wimbo umesikilizwa, kisha ikaanza upya. Hakuna simu iliyowahi kufika ubeti wa pili.

"Hawa ndio wasikilizaji wangu?" Siwema akauliza.

"Wewe kazi yako kuimba, mdogo wangu. Kazi ya kusikiliza nimezipa simu."

Bosi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kwamba watu huenda penye watu, kwamba milioni ya uongo ndiyo inayoivuta milioni ya kweli, na kwamba si yeye peke yake anayefanya hivyo. Akamkumbusha pia kwamba akifungua mdomo, kampuni itamwacha, na rekodi itabaki mali ya kampuni.

Siwema alirudi nyumbani kwa miguu. Akinyamaza, atafunga tamasha, na huenda hakuna atakayejua. Lakini alijiona amesimama mbele ya uwanja, mtangazaji anaitaja ile milioni, na yeye anainamisha kichwa kushukuru. Hapo ndipo aliposhindwa kunyamaza.

Asubuhi akaenda nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha, Bi Zawena, mama wa makamo aliyeogopwa kwa ulimi wake. Alimkuta kibarazani anachagua mchele. Siwema akamwamkia, akamweleza habari yote, kisha akamwekea wimbo. Kimya kilipofika, wote wawili wakakaa nacho mpaka mwisho, Bi Zawena akiendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Kimya hicho nakijua," akasema. "Nimekisikia mara tatu."

Siwema akamkodolea macho.

Bi Zawena akaeleza kwamba yeye husikiliza nyimbo akiwa anachagua mchele, na kwa kuwa mikono ina kazi, kila wimbo huufikisha mwisho, mzuri na mbaya. Alipokutana na kile kimya, alimpigia Bosi Mahimbo kuuliza. Bosi akamjibu kwamba huo ni mtindo wa kisasa, msikilizaji anaachiwa nafasi ajaze huzuni yake mwenyewe.

"Nikajaza, mwanangu. Nikajaza mpaka mchele ukaisha."

Tangu siku hiyo alijua kuna jambo. Lakini hakulifuta jina la Siwema. Alitaka kuona kama yupo atakayekuja kusema.

"Na kama nisingekuja?"

"Ijumaa ningekukata jina, na nisingekwambia kwa nini."

Siwema akashusha pumzi, akasema basi ameokoka. Bi Zawena akatikisa kichwa. Alisema nafasi ya kufunga tamasha ilitolewa kwa ajili ya milioni, na milioni haipo, kwa hiyo atapewa mwingine. Siwema akaitikia, machozi yakimlenga.

"Sasa niambie," akasema Bi Zawena, "ubeti wa pili unasemaje?"

Siwema akauimba palepale, bila ala. Alipomaliza, ungo ulikuwa umewekwa chini, kuku wawili wanakula mchele, na hakuna aliyewafukuza.

"Utafungua tamasha," akasema Bi Zawena. "Saa nane mchana, jua kali, watu bado wanatafuta viti. Ukiwashika hao, ni wako kweli."

Kampuni ilimwacha kama ilivyoahidi. Siku ya tamasha hakuna aliyetaja milioni. Mtangazaji alisema tu kwamba huyu ni Siwema, msusi wa hapa stesheni. Waliokuwepo hawakufika mia mbili, wengi wamejifunika kanga kichwani. Katika ubeti wa kwanza walikuwa wanazungumza. Katika ubeti wa pili wakaacha.

Wimbo ulipoisha, mwanamume mmoja mwenye sare ya reli akasimama, akavua kofia, akaomba ubeti ule wa pili urudiwe polepole, apate kuushika. Siwema akaurudia. Safari hii hakuimba peke yake.

Funzo: Kuhesabiwa si kusikilizwa. Kazi yako isikilize wewe kwanza mpaka mwisho, na kasoro yake iseme kabla hujaulizwa, hata kama itakupotezea kiti cha mbele. Msikilizaji mmoja wa kweli ni mwanzo, lakini milioni ya uongo haina pa kukufikisha.