Hodi ya Shakwe

Sogeeni, na mwenye muhogo mdomoni atafune kimya, maana sisimulii mara mbili.

Mwaka mmoja dagaa waliondoka kwenye kisiwa cha mawe, wakaenda zao bahari kuu. Njaa ikaingia. Shakwe, ndege wa pwani mwenye mdomo mkubwa na tumbo kubwa zaidi, hakuwafuata. Kazi aliyoijua ni kunyang'anya ndege wenzake samaki, na sasa hapakuwa na wa kunyang'anywa. Akawa anashinda juu ya jiwe akipiga makelele, utadhani kadhulumiwa yeye.

Aliyeshiba alikuwa Kitembeamaji peke yake. Huyu ni ndege mweusi, mdogo, kikombe cha chai kingemtosha. Jina kalipata kwa sababu huruka chinichini akigusagusa mawimbi kwa miguu, kama anayetembea juu ya maji, huku akidonoa. Pua yake hunusa chakula kilicho mbali hata macho hayafiki. Yeye na mumewe hupata yai moja kwa mwaka, moja tu, nalo hulificha shimoni chini ya mawe. Mmoja hulalia, mwenzake huenda baharini siku tatu. Giza likiingia hurudi, wakabadilishana zamu.

Yai hilo Shakwe alilitaka. Akaanza kujifunza sauti.

"Krrr-krrr-kwi!"

"Una kwikwi, bwana?" Kaa akamuuliza kutoka mwambani.

"Nyamaza wewe! Hivi ndivyo anavyoita mume wa Kitembeamaji. Mkewe akisikia, atatoka aende zamu yake. Mimi naingiza kichwa, nala yai."

"Na mlangoni utasemaje?"

"Nitabisha hodi. Kwani mimi sikulelewa?"

Kaa akamtazama kwa yale macho yake ya vijiti. "Haya, nenda na malezi yako."

Shakwe akaenda mchana kweupe, kwa kuwa tumbo lilikataa kungoja.

"Krrr-krrr-kwi! Hodi, mke wangu!"

Kutoka ndani sauti ndogo ikauliza, "Nani?"

"Mumeo! Toka ukale, nitalalia mimi."

"Umerudi na jua hili?"

"Nilikukumbuka."

"Makubwa! Miaka saba hujanikumbuka mchana. Na tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake?"

Shakwe akababaika. "Ni... ni heshima tu, mke wangu."

"Ikiwa ni heshima, basi karibu. Ingiza kichwa nikuone."

Naye, mjinga wa kutupwa, akakiingiza. Kitembeamaji hana kucha wala mdomo wa kutisha mtu. Ila tumboni huweka mafuta ya vyakula vyake vya baharini, yananuka hata nzi hukohoa. Akayatema yote, pyaa! Machoni, puani, shingoni.

Shakwe akachomoka akipiga mayowe, akajitupa majini ajioshe. Mafuta yakagandamana na manyoya, maji yakapenya, akalowa kama tambara la kudekia. Wimbi likamtupa mwambani, mbele ya Kaa.

"Umejipaka nini, bwana? Waenda harusini?"

Tangu siku hiyo hakuweza kumnyemelea mtu, maana harufu yake ilifika kwanza na yeye akafuata. Ikambidi awafuate dagaa bahari kuu, avue samaki wake mwenyewe, kwa jasho, akinung'unika.

Giza lilipoingia, mume wa kweli akarudi. Hakubisha. Aliita krrr-krrr-kwi, akapita moja kwa moja, akanusa.

"Nani alikuja hapa?"

"Mume mwingine. Ana adabu kukushinda."

Wakacheka hata yai likatikisika. Kumbe ndani yake mna mwenye nyumba wa tatu, anagonga atoke, naye hakusema hodi.

Basi, inukeni mkaoshe vyombo. Sauti ya mtu hata kasuku huiiga. Anayetaka kuiba jina la mwenyewe na ajue kwanza mwenyewe huingiaje kwake.