Brauza Mpya na Jina la Mtoto wa Raya

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na majini, ni ya juzijuzi tu, ya kompyuta na umeme wa kukatikakatika, pale Tanga kulikuwa na mjane aitwaye Bi Mwanahawa. Alikuwa na mtoto mmoja, Raya. Raya akapenda, akaolewa na mwanamume wa mbali, akamfuata hadi nchi za watu. Mama hakuitaka ndoa ile. Siku ya kuagana alimpa mkono, radhi hakumpa. Nanyi mliozaliwa na mama mnajua uzito wa jambo hilo.

Miaka ikapita. Asubuhi moja barua pepe ikaingia kwenye kompyuta aliyoiacha marehemu mumewe pale sebuleni. Raya ameandika: "Mama, nina mimba, na mtoto amekaa vibaya. Leo, ikifika alasiri ya huko nyumbani, napasuliwa. Simu huku wodini zimekatazwa, lakini hospitali imetupa njia ya kuonana na jamaa kwenye kompyuta. Bonyeza hapa chini. Naogopa, mama. Nataka kukuona ukinipa radhi kwa mdomo wako. Nikivuka salama, jina la mtoto nakuachia wewe."

Bi Mwanahawa akabonyeza. Ikafunguka brauza, ile programu ya kuingilia mtandaoni. Ya kwake ilikuwa kuukuu, tangu enzi za marehemu. Ikamwandikia: "Brauza hii ni ya zamani mno. Tumia mpya." Akabonyeza tena. Maneno yale yale. Mama wa watu akatoka uani, akapiga yowe: "Jamani, nisaidieni! Atakayenionyesha uso wa mwanangu kabla hajapasuliwa hiyo alasiri, ndiye atakayempa mjukuu wangu jina!"

Haya, nadhiri hiyo imeshatoka. Ishikeni, tutaihitaji.

Wa kwanza kufika alikuwa Mishi, msusi wa nyumba ya pili. Na Mishi alikuwa na bibi harusi mkekani, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. Akamwacha vile vile! "Mishi, wanitenda nini? Wakwe wako njiani!" Mishi akajibu akiwa anakimbia: "Wakwe watangoja, kisu hakingoji!" Akaingia na chanuo kichwani. Akaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, akatafuta brauza mpya, akaanza kuipakua. Umeme ukakatika katikati. Ukarudi, akaanza upya, wala hakunung'unika. Mwisho alama ya brauza mpya ikakaa kwenye skrini, inang'aa. Mimi nasema vidole vile vimebarikiwa.

"Bonyeza sasa, Bi Mwanahawa."

Akabonyeza kwenye barua ya Raya. Ikafunguka nini? Ile ile kuukuu, na maneno yake yale yale!

Mishi akapandwa na hasira. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hataki kupona! Basi naing'oa, tuone itajifungua wapi." Na kweli, mkono ulishafika mahali pa kufutia.

"Usiing'oe!"

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakageuka, midomo wazi. Alikuwa Bi Hidaya, mke mwenza wa Bi Mwanahawa. Nyumba moja, ua mmoja, bomba moja la maji, na tangu mazishi ya mume wao hawajapeana hata salamu. Mnajua ugumu wa kuvunja kimya cha namna hiyo? Mtu huona bora afe na kiu. Bi Hidaya akakivunja.

"Mwenzangu, nisamehe naingilia. Mimi niliingia nyumba hii nikiwa mke mdogo. Ningekutoa siku ile, nani angenionyesha chumvi inakaa wapi? Mdogo akija, mkubwa hafukuzwi. Marehemu alikuwa akitumia hiyo ya zamani kila siku, mambo yenu yamo humo. Iacheni ikae."

Mishi akaondoa mkono. Bi Mwanahawa akamtazama mwenzake, akasogea, akampa nafasi kwenye kochi.

Hapo akaingia Mzee Hoza, kaka wa marehemu, karani mstaafu wa bandari. Nisiwafiche: huyu ndiye aliyeipinga ndoa ya Raya kuliko wote, tena ndiye aliyemshawishi mama azuie radhi. Lakini aliposikia habari alitoka mbio, hata kanzu kaivaa ndani nje.

"Shemeji, nipishe nikae."

Mzee Hoza ana tabia moja inayowachosha watu. Habonyezi kitu kabla ya kukisoma chote. Hata boksi la dawa ya mbu atalisoma mpaka anwani ya kiwanda. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akasoma. Akashuka chini, akasoma.

"Mzee, alasiri hiyo inakuja!" Mishi akamlilia.

"Naiona. Wewe ulibonyeza, sasa niache nisome."

Akafika palipoandikwa programu za kawaida. Akacheka peke yake. "Mnaigombeza bure. Mlango mpya mmeuleta, lakini kompyuta haijaambiwa kwamba huo ndio wa kupokelea wageni. Kila unachokibonyeza inakipeleka kwa ile iliyoizoea." Akaiteua brauza mpya iwe ndiyo ya kawaida. "Bonyeza, shemeji."

Ikafunguka mpya! Vigelegele mpaka nje. Mara ukurasa wa hospitali ukauliza: ingia kwa barua pepe yako na neno lake la siri. Neno hilo aliliweka marehemu, akaenda nalo. Bi Mwanahawa akajishika kichwa, machozi yakamtoka.

Bi Hidaya akasema taratibu, "Si nimewaambia? Muulizeni mkubwa, ile ya zamani."

Mzee Hoza akasoma tena, na kweli, brauza mpya yenyewe ilikuwa inauliza: nilete yaliyohifadhiwa kwenye ile ya zamani? Ndiyo, lete! Neno likaja, limejificha nyuma ya vinukta, likaingia lilipotakiwa.

Raya akatokea, yuko kitandani.

"Mama."

"Mwanangu, mbona umekonda hivyo?" Akili ya mama hiyo, neno la kwanza ni hilo. Kisha akaisogelea skrini. "Raya, radhi nimekupa, ya dunia na ya akhera. Na ile siku niliyokunyima, nisamehe."

Mzee Hoza akajifuta macho kwa kanzu yake. "Na mimi, mwanangu. Na mimi."

Adhana ya alasiri ikaanza. Wauguzi wakamchukua Raya, skrini ikabaki na kitanda kitupu. Wakakaa hapo wote, hakuna aliyekwenda nyumbani, mpaka barua ikaja: mtoto wa kike, mama mzima. Alhamdulillahi!

Sasa nadhiri ikadai haki yake.

Mishi akasema, "Jina ni langu. Bila brauza niliyoileta mimi, huyo mkubwa neno la siri angemkabidhi nani? Bibi harusi wangu kaolewa na kilemba kichwani, na hanisemeshi hadi leo. Mtoto ataitwa Zena, mama yangu."

Mzee Hoza akasema, "Ulileta, haikufunguka. Niliyefungua ni mimi. Na anayerekebisha alichokiharibu mwenyewe amefanya kazi mara mbili. Ataitwa Mwanakheri, bibi yake Raya, kama desturi ya ukoo."

Wa mwisho akasema Bi Hidaya. "Mngekuwa mmeing'oa, mngesimama mbele ya mlango wazi bila ruhusa ya kuingia. Mimi sikushika hata hiyo kompyuta, ni kweli. Lakini Mungu hakunijalia uzazi. Sijawahi kumwita mtoto kwa jina nililolichagua mimi."

Siku ya saba, siku ya jina, wote watatu wako sebuleni. Bi Mwanahawa akabonyeza, brauza mpya ikafunguka mara moja, wala haikuuliza kitu. Raya akamnyanyua mtoto, akamleta karibu kabisa.

"Mama, sote tunakusubiri. Huyu anaitwa nani?"

Bi Mwanahawa akamtazama msusi, akamtazama shemeji, akamtazama mke mwenzake. Akafungua mdomo.

Wewe unayetikisa kichwa hapo mbele, usinitazame mimi. Mtoto anasubiri, na jina ni moja. Je, nani alistahili kumpa?