Kima na Kumbukumbu Iliyovuja

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Pakawa wapi?"

"Pakawa unakotupeleka."

Basi sogeeni. Na wewe hapo mlangoni, acha kuchungulia sufuria, chakula hakijaiva. Nasema tena, paukwa?

"Pakawa."

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walikuwa na kompyuta na sisi hatujui hata kuwasha moto, palikuwa na nyika kavu, na katikati ya nyika palikuwa na lambo moja tu la maji. Lambo hilo lilikuwa na lango, na mbele ya lango alikaa Simba. Ukitaka maji, unamwomba Simba. Simba akiwa ameshiba, unakunywa wewe. Simba akiwa na njaa, anakula yeye. Malalamiko hayakuwepo, maana wenye kulalamika ndio walioliwa.

Wanyama wakachoka. Wakamwita Kima, fundi wa kompyuta. Kima alikuwa fundi hodari, na wa kwanza kulisema jambo hilo alikuwa Kima mwenyewe. Akaunda kompyuta, akaifunga langoni, na Simba akaombwa kwa adabu akapumzike.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana atakayesinzia hapa atapotea mbele. Ndani ya kompyuta mna programu nyingi, lakini iko moja iliyo mama wa zote, nayo inaitwa kiini. Kiini ndicho kinachoshika kumbukumbu. Tuseme kumbukumbu ni vyungu vitupu vilivyopangwa rafuni. Mnyama akifika, kompyuta inamuuliza, "Nani wewe?" Anataja jina. Kiini kinashusha chungu kimoja, kinaweka jina lile ndani, kisha kinaangalia katika orodha yake kama mnyama huyo amekwisha kunywa siku hiyo. Kama bado, lango linafunguka, anakunywa fungu lake, chungu kinaoshwa na kurudi rafuni. Kama amekwisha kunywa, kompyuta inamwambia, "Umeshapata, nenda nyumbani."

Wanyama wakafurahi sana. Digidigi alikunywa bila kutazama nyuma. Chura alipata fungu la chura, Tembo akapata fungu la tembo, na hakuna aliyeliwa.

Lakini Fisi ni Fisi. Alikunywa asubuhi, akakizunguka kichuguu kimoja cha mchwa kana kwamba anatafuta kitu, akarudi mwisho wa mstari.

"Nani wewe?"

"Fisi."

"Umeshapata, nenda nyumbani."

Akazunguka kichuguu, akarudi. Nani wewe? Fisi. Umeshapata, nenda nyumbani. Akazunguka, akarudi. Nani wewe? Fisi. Umeshapata, nenda nyumbani. Wanyama wakamcheka mpaka mbavu zikawauma, naye hakujali.

Jua lilipokuwa kali, kompyuta ikaduwaa. Haikuuliza, haikujibu, lango likabaki limefungwa. Kima akaja mbio, akaizima, akaiwasha. Ikaamka vizuri kabisa, ila ilikuwa imesahau nani amekunywa na nani hajanywa. Na aliyekuwa mbele ya mstari ni nani? Fisi. Akanywa mara ya pili, akafuta mdomo, akawaambia wenzake kwamba mvumilivu hula mbivu.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu vile vile. Kima akazima, akawasha, akazima, akawasha, na kila alipowasha maji yalipungua, maana lambo halikujua habari za kusahau. Wanyama wakaitisha baraza.

Kima akaifungua kompyuta mbele yao, akachungulia ndani, akasema kwa sauti ya kifundi, "Kumbukumbu inavuja."

Alikuwa na maana kwamba vyungu vinatoka rafuni na havirudi, na vikiisha kompyuta inaduwaa. Lakini katika nyika ile kuvuja kulikuwa na maana moja tu. Wote wakainama kutazama chini ya kompyuta. Chura akailamba ardhi, akatoa taarifa kwamba ni kavu.

Kiboko akasema jambo hilo ni dogo, alilijua tangu utotoni, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kima hakuwahi hata kumzuia. Kiboko alikwisha kubeba tope zito la ukingoni mwa lambo na kuikandika kompyuta yote, mbele, nyuma na ubavuni, akailainisha kwa tumbo lake. Ikapendeza kama mtungi mpya. Basi kompyuta ikakosa pumzi kwa joto, ikaduwaa hata kabla Fisi hajamaliza kuzunguka. Wanyama wakashinda kutwa wakibandua tope.

Akasimama Tembo. Akasema ubaya wa Kima ni udogo wake, ndiyo maana ameweka rafu ndogo. Dawa ni kuongeza kumbukumbu. Kima moyoni alijua kwamba hiyo si dawa, lakini nani atabishana na Tembo? Wakaongeza rafu juu ya rafu. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, Fisi anazunguka tu, na Tembo anapokea pongezi. Alasiri kompyuta ikaduwaa. Tembo akasema basi iongezwe tena, lakini safari hii wote walikwisha kumpa kisogo.

Kima akaona aibu. Na mwenye aibu huwa na haraka. Akaandika amri mpya bila kufikiri sana: chungu kikishatiwa jina tu, kirudishwe rafuni papo hapo, kisisubiri mtu. Akajipongeza. Vyungu vitakwishaje kama havikai nje?

Tembo akafika, akataja jina, jina likatiwa chunguni, chungu kikarudishwa rafuni. Nyuma yake akafika Chura, akataja jina, jina likatiwa katika chungu kile kile. Kompyuta ilipochungulia ili imgawie Tembo, ikakuta jina la Chura. Tembo akapewa matone yanayotosha ulimi wa chura. Akakasirika, akalitaja jina lake tena kwa kelele, likaingia chunguni juu ya jina la Chura. Zamu ya Chura ilipofika, kompyuta ikachungulia, ikaona Tembo, ikafungua lango lote.

Chura aliokotwa mbali sana, amenasa kwenye mgunga, anauliza nani amekufa. Na kompyuta, kwa kuchanganyikiwa, ikazimika yenyewe.

Ndipo Simba aliponyanyuka kivulini. Hakuunguruma. Alimsogelea Kima, akazungumza naye kwa upole, na upole wa Simba ni mbaya kuliko ukali wake.

"Fundi, ikizimika tena, narudi langoni kwangu. Na kwa kuwa nimekaa siku nyingi bila kazi, nitaanza na wewe."

Wanyama wakatazama chini. Hakuna aliyemtetea, na mimi siwalaumu sana, kiu haina rafiki.

Kima akakaa mbele ya kompyuta. Akausoma msimbo wake, yaani zile amri alizoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Akamfuata mnyama anayefika, anayetaja jina, anayepewa maji, anayeondoka. Chungu kinatoka, chungu kinarudi. Akasoma tena. Kinatoka, kinarudi. Akasoma mara ya tatu. Kinatoka, kinarudi. Hakuona kosa hata moja, na hilo ndilo lililomtisha. Fundi akiona kosa hupata nguvu, asipoliona huanza kuaga jamaa zake.

Mara akasikia, "Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya Bi Kanga, jirani yake. Kima badala ya kujibu karibu, akajificha nyuma ya kompyuta. Kwa nini ajifiche, mwanamume mzima? Ni hivi. Kima alikuwa ameazima kinu cha Bi Kanga ili atwange kisamvu, maana alikuwa anawaandalia wakwe zake, na kinu kile hakikuwa kimerudi.

"Jirani, mkia wako nauona," akasema Bi Kanga. "Kinu changu kiko wapi?"

Kima akatoka, macho chini.

"Nisamehe, Mama. Kisamvu kiliungua. Wakwe waliondoka na njaa, hata kwaheri hawakusema. Nikaona haya kupita mlangoni kwako."

"Na kingeiva?"

"Kingeiva ningekileta siku ile ile, tena na bakuli la kisamvu juu yake."

Bi Kanga akakaa kitako, akakung'uta mbawa.

"Ndivyo mlivyo nyote. Aliyepika akashiba huja mwenyewe, tena anaimba. Aliyeunguza hupita njia ya nyuma. Ndiyo maana mimi kinu changu kikipotea siendi kwenye nyumba iliyopika, naenda kwenye nyumba iliyolala na njaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, jirani."

Aliposema kifo, Kima akakumbuka meno ya Simba. Na alipokumbuka meno ya Simba, akakumbuka msimbo wake. Alikuwa amemfuata nani siku zote hizi? Amemfuata mnyama aliyepata maji. Aliyenyimwa hajamfuata hata mara moja.

Akarukia kompyuta, akapatafuta pale panaposema, "Umeshapata, nenda nyumbani." Akatazama mstari unaofuata, ule wa kurudisha chungu. Haukuwepo. Kompyuta ilikuwa ikisema neno lile kisha inatoka kwa mlango wa nyuma, imeona haya, na chungu kimeachwa chini na jina ndani yake. Kando yake chungu kingine, na kingine, na kingine, mpaka rafu ikabaki tupu. Kima akaviinamia, akasoma majina. Fisi. Fisi. Fisi.

Kima akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Alijiona mwenyewe mle ndani. Kompyuta ilijifunza wapi kutoroka na chombo cha watu, kama si kwa fundi wake? Iliniuma mimi niliposimuliwa, sembuse yeye.

Akaanza na kinu. Akakibandua majani yaliyokaukia, akakiosha, akatia mtama ndani, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu, akakibeba mpaka kwa Bi Kanga mchana kweupe, kwa njia ya mbele. Kisha akarudi kwenye kiini. Ile amri yake ya haraka akaifuta. Mlango wa nyuma akauziba. Akaandika kwamba njia ya kutoka ni moja tu, nayo inapita rafuni: aliyepata apite hapo, aliyenyimwa apite hapo, chungu kioshwe kirudishwe, ndipo kwaheri isemwe. Akaiwasha, akapanda juu ya kompyuta, akashika kwa mikono na miguu, akangoja.

Simba akaja akalala karibu na lango. Alikataa kupanga mstari, akasema yeye atakunywa baadaye, lango likisharudi kuwa lake.

Fisi akanywa fungu lake, akaanza safari. Nani wewe? Fisi. Umeshapata, nenda nyumbani. Akazunguka kichuguu, akarudi. Jua likapanda. Nani wewe? Fisi. Umeshapata, nenda nyumbani. Jua likasimama utosini, na kompyuta bado ina adabu zake. Jua likaanza kushuka. Fisi sauti imemkauka, mguu mmoja unamuuma, na maji aliyokunywa asubuhi yote yamemtoka kwa jasho. Katika nyika nzima hakuna aliyekuwa na kiu kama mvumilivu huyo. Mpaka leo anachechemea, na ukisikia sauti yake utajua ni ya mtu aliyejibu swali moja kutwa nzima.

Jioni Simba akanyanyuka. Kima akafumba macho. Simba akamtazama, akaitazama kompyuta, akameza mate ambayo hayakuwepo. Kisha akaenda taratibu mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya Chura.

Zamu yake ikafika.

"Nani wewe?"

Tangu azaliwe, Simba hajawahi kuulizwa swali hilo. Akatazama huku na huku.

"Simba," akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu, Simba."

Akanywa. Alipomaliza akajilamba, akazunguka kichuguu kama anapunga hewa, akarudi. Kompyuta ikamuuliza, akajibu, ikamwambia, "Umeshapata, nenda nyumbani." Na Simba akaenda nyumbani.

Basi funzo ni hili. Kurudisha chombo ukiwa umeshiba, kila mtu anaweza. Mwungwana ni yule anayekirudisha hata kama chakula kimeungua. Kushindwa si aibu, aibu ni kukaa na cha watu. Na wewe unayejifanya unatazama paa, ungo wangu niliokuazima siku maandazi yako yalipokosa wanunuzi, nauhitaji kesho.

Hadithi hii nami niliiazima kwa waliotangulia. Nimekula, nimeosha, nimeirudisha. Mwenye kuitaka aichukue, ila apite njia ya mbele.