Fundi wa Vali na Mtia Makaa

Wapendwa, leo yule mkulima wa mahubiri yetu na shamba lake tuwaache wapumzike, tumewachosha. Twendeni karakana ya reli, enzi za treni za makaa.

Kulikuwa na fundi mmoja pale, bingwa wa vali. Vali ndiyo inayoruhusu mvuke uingie upande huu wa pistoni, kisha upande ule, na gurudumu likizunguka mara moja injini inapumua mara nne. Fundi huyu akabuni mpangilio mpya wa vyuma vya kuendesha vali, ili injini ipande mlima kwa makaa machache. Akapima, akafunga, akajisifu kidogo. Ni haki yake, alikuwa amehangaika miaka mitatu.

Siku ya majaribio treni ikakwama katikati ya mlima, makaa yamekwisha, abiria wanashuka na mizigo kichwani. Kesho yake mkubwa wa karakana akawakusanya wote uwanjani, watu kama ishirini.

Aliyekuwa anatia makaa akasema, "Fundi, injini ikishapata moto inachechemea. Pumzi ya tatu inachelewa. Nimeisikia."

Watu wakacheka. Fundi akamjibu, "Wewe kazi yako koleo. Vali nimezipima kwa mkono wangu. Makaa umeyamwaga hovyo, usinisingizie."

Nani angeaminiwa hapo? Yule mtu akaondolewa kwenye injini, akapelekwa shimo la majivu kuzoa.

Baada ya wiki mbili fundi akapanda injini mwenyewe, akasikiliza. Moja, mbili... ya tatu ikachelewa. Alikuwa amepima chuma kikiwa baridi, karakana imetulia. Chuma kikipata moto kinatanuka, na vipimo vyote vinahama. Fundi wa miaka yote hiyo, kasahau jambo hilo!

Akarekebisha kimyakimya. Injini ikapanda mlima vizuri, mkubwa akampa mkono, na mpangilio wake ukafungwa kwenye injini nyingine zote. Kila asubuhi alipita pale shimoni. Yule mtu, majivu mpaka kwenye kope, alimwamkia, "Shikamoo, fundi." Naye aliitikia marahaba huku akitazama viatu vyake. Aibu ilimla mwaka mzima.

Mwishowe akamfuata wakati wenzake wamekwenda kula. "Ndugu yangu, nisamehe. Ulisema kweli."

"Najua, fundi. Injini inapita hapa kila siku, nasikia pumzi nne sawasawa. Nilijua umeitengeneza tangu siku ile ya kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilishasema mara moja." Akaegemea koleo lake. "Nimekusamehe, fundi. Ila siku ile ulinisema mbele za watu ishirini. Leo umenifuata nikiwa peke yangu."

Mnasikia, wapendwa? Sisi ndio hao. Jumapili tunajipima tukiwa baridi, nguo zimenyooka, tunajiona tuko sawa. Moto wa Jumatatu ukiwaka tunaharibu, na anayetuambia tunamkanyaga. Tukigundua kosa tunalitengeneza haraka, maana kosa linatuumbua. Lakini yule tuliyemtupa shimoni tunamwacha kule kule, halafu tunajiita tumetubu. Tunamwaibisha mtu hadharani, tunamwomba radhi uchochoroni. Toba gani hiyo?

Mnanyamaza. Na mimi nilinyamaza, tangu mwezi wa tatu.

Mwezi ule, hapa hapa madhabahuni, nilimtoa mama mmoja kwenye kwaya. Niliambiwa ndiye anayefitinisha watu, nikaamini bila kumuuliza. Wiki tatu baadaye nikajua si yeye. Nilikwenda kwake jioni, nikaomba radhi jikoni, nikanywa chai yake, nikarudi nyumbani nimepata nafuu. Nafuu yangu mimi. Yeye mpaka leo anakaa benchi la nyuma, na ninyi mpaka leo mnamkwepa mkitoka.

Mama Ambwene, naona umeinamisha kichwa. Usiiname, mama, wa kuinama ni mimi. Hukufanya lile nililosema. Nilikosea, na ninalisema mbele ya watu wale wale.