Kimya cha Mashineni

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa zimefika kila kijiji lakini kimya hakijafika, alikuwepo Lutengano, msaga mahindi wa Mafinga. Mkewe, Tumpe, alibaki Tukuyu akitunza migomba. Kila adhuhuri Tumpe alipiga simu, na kila adhuhuri mashine ilinguruma. Akiuliza afya, anajibiwa habari za mbolea. Akisema mtoto anaumwa jino, anaambiwa amshukuru Mungu. Miaka tisa ndoa yao ilikwenda hivyo, nusu maneno, nusu mashine.

Lutengano alichoka. Akanunua hedfoni zile zinazoua kelele, akazivaa. Kweli, mashine ikanyamaza masikioni mwake, akamsikia mkewe hadi anavyovuta pumzi. Lakini Tumpe hakusikia kitu ila ngurumo ileile.

Lutengano akazipeleka kwa Ambakisye, fundi simu wa jirani. Fundi akamweleza kwamba hedfoni zinamlinda aliyezivaa, hazimlindi anayempigia. Akazifungua, akatia maikrofoni ndogo kwenye waya mgumu, akaupinda hadi mdomoni, akaivika sponji ya godoro. Ikawa inapokea sauti ya karibu tu. Mashine ingenguruma itakavyo, ilibaki nje.

Kesho yake Tumpe alikuwa na neno. Alikuwa amekubali kuhamia Mafinga. Migomba amemwachia dada yake, mizigo imefungwa, gari linakuja saa tisa. Akapiga simu amweleze mumewe.

"Uko wapi?" akaanza.

"Nipo mashineni, mke wangu."

Tumpe akasikiliza. Hakuna ngurumo. Kimya kama cha chumbani.

"Mashineni wapi?"

Sasa, palikuwa na mteja, Mama Vaileti, aliyengoja tangu asubuhi. Alimwona msagaji ameziba masikio, anatabasamu peke yake. Akamsogelea hadi usoni, akasema, "Lutengano, mwenzio nitakungoja mpaka lini?"

Maikrofoni ikaipokea sauti ile nzima, safi, haikudondosha hata herufi.

Tumpe akakata simu. Lutengano akapiga tena, na tena, haikupokelewa. Saa tisa gari likafika Tukuyu, mizigo ikapakiwa, ikaenda Kyela kwa baba yake Tumpe.

Mzee yule akatuma ujumbe. Hana ugomvi na mtu. Mwenye kosa aje apige magoti, mmoja tu, asiletewe kundi, na siku hiyohiyo mwanawe atarudi kwa mumewe.

Lutengano, fundi na Mama Vaileti wakakutana pale mashineni. Lutengano, aliyekuwa hajala siku mbili, akasema wa kwanza: "Mimi nilitaka kumsikia mke wangu. Tangu lini hilo likawa kosa?"

Ambakisye akasema: "Niliombwa niinyamazishe mashine, nikainyamazisha. Kazi yangu haina dosari, na msiba wote ni kwamba haina dosari."

Mama Vaileti akasema alikuwa na madebe mawili ya mahindi na watoto wenye njaa; alingoja, akasema anangoja. Kama kuna wa kulaumiwa, akaongeza, ni mke anayeuliza mara moja kisha anakata simu.

Wakampigia Tumpe, safari hii akapokea. Hakulia wala hakufoka.

"Mwaka juzi, jioni moja, aliniambia yuko mashineni, nami nasikia watu wanashangilia mpira. Sikumuuliza. Tangu siku ile naitambua kazi yake kwa ngurumo, si kwa maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Lutengano akainamisha kichwa. Hakukana. Akasema tu kwamba hilo ni la mwaka juzi, na juzi alikuwa mkweli.

"Ulikuwa mkweli," Tumpe akasema, "kwa sauti ya mwongo."

Basi wamekaa, hakuna anayenyanyuka. Magoti yanayotakiwa ni ya mtu mmoja, na gari la Kyela linaondoka asubuhi. Nyinyi mnaosikiliza, mwaonaje? Je, kati ya wanne hao, nani alistahili kuyapiga magoti hayo?